Maskini na Tajiri wa Babeli

Wako wasomi wetu ambao, wakiisha kulinasibisha neno na Kiarabu, huona kwamba wamekwisha kuitafuta asili yake, hali Kiarabu chenyewe, katika mengi ya maneno ya biashara na utawala, kilirithi kwa Kiaramu, na Kiaramu kikarithi kwa Kiakadi, lugha ya bonde la Furati na Tigri, katika nchi iitwayo leo Iraki, iliyokuwa ikiandikwa kwa alama za kikabari juu ya vibao vya udongo zaidi ya miaka 2,000 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa.

Mfano ulio bora, kwa rai yangu, ni maskini. Katika sheria za Hammurabi, aliyetawala Babeli katika karne ya 18 kabla ya Isa, ametajwa mtu aitwaye muškēnum, na jina hilo wanazuoni wengi hulitoa katika kitenzi chenye maana ya kusujudu. Wala hakuwa fukara wa kuombaomba, bali raia wa kawaida, aliye chini ya awīlum, yaani muungwana, na juu ya wardum, mtumwa. Muungwana aliyempofua muungwana mwenziwe naye alipofuliwa. Akimpofua muškēnum, alilipa mina moja ya fedha. Na akimpofua mtumwa wa mtu, alilipa nusu ya thamani ya mtumwa huyo. Unyonge wa maskini, basi, ulikuwa kwanza wa daraja. Ule wa mfuko ulimfika baadaye.

Tajiri naye ni tamkārum, mfanya biashara. Watu wa Ashuru, yapata mwaka 1900 kabla ya Isa, walipeleka bati na nguo kwa misafara ya punda hadi Kanesh, katika Uturuki ya leo, wakarejea na fedha na dhahabu, na barua zao na hati za madeni zimefukuliwa huko zaidi ya 20,000. Humo yumo pia targumannum, mkalimani, ambaye kwetu ni mtarjumani.

Hekalu lina nasaba ndefu zaidi, kwani ekallum, jumba la mfalme, Waakadi wenyewe waliliazima kwa Wasumeri, kwa maneno mawili: e, nyumba, na gal, kubwa.

Nawasihi basi watungao kamusi zetu, wafikapo kwenye maneno kama haya, wasitosheke na kuandika kwamba ni ya Kiarabu.