Ushahidi na ushawishi: fundisho la Ebola huko Beni na Butembo

Ushahidi ni jambo linaloweza kuonwa, kuhesabiwa, au kuelezwa na mtu aliyelipitia mwenyewe. Kushawishi ni kumsaidia mtu akubali neno kwa hiari yake. Ushahidi husaidia kushawishi, lakini hautoshi peke yake. Sisi wa mashariki ya Kongo tulijifunza hilo kwa uchungu.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola katika Kivu ya Kaskazini. Majibu ya maabara yalikuwapo. Hata hivyo, mwezi wa Septemba watu wazima 961 wa Beni na Butembo walipoulizwa, mmoja kati ya wanne alisema ugonjwa huo si wa kweli. Chini ya theluthi moja waliamini kwamba viongozi wa mahali wanawatetea. Waliokosa imani hiyo ndio waliosita zaidi kupokea chanjo. Tangu 2014 watu wa Beni walikuwa wakizika ndugu waliouawa. Wengi walijiuliza kwa nini msaada mkubwa unakuja kwa ajili ya Ebola tu. Kwa mtu mwenye swali hilo, karatasi ya maabara haikuwa jibu.

Ushahidi wa namna tatu ulisaidia:

Wa macho. Vyumba vyenye kuta za kupenya mwanga viliwezesha jamaa kumwona mgonjwa wao na kusema naye.

Wa shahidi. Waliopona walirudi vituoni kulea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Walisema lugha ya nyumbani, na mwili wao ulikuwa ushahidi.

Wa hesabu. Agosti 2019, majaribio ya dawa nne yalionyesha mbili zinazopita nyingine. Kati ya waliotibiwa kwa hizo virusi vikiwa bado vichache mwilini, karibu 9 kati ya 10 walipona.

Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 2,287 walikuwa wamekufa.

Kwa hiyo, kabla ya kutangaza neno mbele ya kusanyiko, tujiulize: Nani ameliona? Tunaweza kulionyesha? Nani anayeaminiwa na watu hawa atalisema? Na tusikilize swali lao kwanza. Tusipolisikiliza, hata ukweli wetu utapokelewa kama uvumi.