Hukumu ya Buyoya na Watu wa 1972

Oktoba 2020, Mahakama ya Juu ya Burundi ilimhukumu Pierre Buyoya kifungo cha maisha. Huyu ndiye aliyetwaa nchi kwa mtutu mara mbili, 1987 na 1996. Kosa lake, kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, 1993. Hakuwapo kizimbani: alikuwa mjumbe wa Umoja wa Afrika huko Mali na Sahel. Akaiita kesi hiyo ya kisiasa, akajiuzulu Novemba ili ajitetee, na Desemba mauti yakamkuta Paris. Wapo waliosema haki imechelewa. Wapo walioona kisasi kilichovaa joho.

Hukumu hiyo ina upande wa pili, nao huonekana vyema mtu akisimama Kabungu, mkoani Katavi. Wilaya hiyohiyo ya Tanganyika ndiyo yenye Mishamo, makazi ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Katumba nayo si mbali. Walifyeka miombo, wakalima, wakazaa. Mwaka 2014, wao na wenzao wa Ulyankulu, zaidi ya watu 160,000, walianza kukabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania.

Aliyetawala walipokimbia ni Michel Micombero. Alipinduliwa 1976, akafia Mogadishu 1983, wala hakimu hakumwuliza neno. Damu ya rais mmoja (na ilistahili) imepata jalada na hukumu. Damu ya wazee wa Mishamo ilisubiri hadi 2021, Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilipotamka kuwa yalikuwa mauaji ya kimbari.