Manamba wa Kigoma na Hesabu ya Kuhama

Miongoni mwa mikondo ya uhamaji iliyoijenga Tanganyika ya kikoloni, umo ule uliowatoa vijana wa Kiha katika nyanda za Kasulu, Kibondo na Kigoma na kuwafikisha kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, upande wa pili kabisa wa nchi. Vibarua hao waliandikishwa na mawakala kwa mkataba, wakapewa namba za kuwatambulisha, na kwa sababu hiyo wakaitwa manamba, jina ambalo baadaye liligeuka kuwa kejeli kwa mtu yeyote anayetumikishwa bila kuuliza. Kejeli hiyo haiwatendei haki, kwa kuwa masimulizi mengi huwachora kama watu waliozolewa tu na kupakiwa garimoshini, ilhali mwenendo wao, ukitazamwa kwa makini, unaonyesha watu waliopima njia chache walizoachiwa na kuchagua kati yake kwa busara kubwa.

Uchache wa njia hizo ulikuwa na chanzo chake. Mkonge uliingizwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika 62 tu ikiwa hai na kupandwa karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yakazaliwa mashamba makubwa yaliyoenea kando ya reli ya Tanga, yakihitaji mikono mingi kuliko wenyeji walivyokuwa tayari kuitoa. Wasambaa na Wabondei walikuwa na mashamba yao ya chakula na soko la mazao jirani, hivyo hawakuona sababu ya kujifunga kwa mzungu, na serikali ya Kijerumani katika Usambara Magharibi ililazimika kugawa kadi za kazi zilizomtaka kila mwanamume atimize siku 30 za kibarua katika muda wa miezi minne. Kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka 1898 na kuendelezwa na Waingereza pamoja na kodi ya kichwa, ilikusudiwa kuijaza hazina na wakati huohuo kumsukuma mtu aitafute fedha mahali ilipokuwa.

Kwa Mchagga, fedha hiyo ilikuwa kihambani kwake, katika kahawa, na kwa Mhaya vivyo hivyo. Msukuma naye aliipata katika pamba. Mha hakuwa na zao la namna hiyo. Nchi yake ilikuwa mbali na bandari, ndorobo walizidi kuyafunga baadhi ya maeneo yake, na serikali ya Waingereza haikuwa na haraka ya kuhimiza zao la biashara katika mikoa iliyokwisha kuhesabiwa kuwa visima vya vibarua. Walter Rodney, Kapepwa Tambila na Laurent Sago, walioichunguza kazi ya uhamiaji katika tasnia ya mkonge, wameonyesha kwamba umaskini wa fedha wa sehemu kama Kigoma haukuwa hali ya asili bali ulitengenezwa, na hoja yao ina uzito, ingawa haijibu swali la pili: kwa nini mtu aliyelazimika kuondoka alikwenda huku na si kule.

Jibu linaanzia kwenye chaguo zenyewe. Uvinza, jirani kabisa, palikuwa na chumvi, ambayo tangu kabla ya ukoloni iliwavuta wachemshaji na wafanyabiashara kutoka pande zote, lakini kazi yake haikuweza kuwachukua wote. Kaskazini palikuwa na Buganda, ambako wakulima Waafrika wa pamba na kahawa waliwaajiri wageni mashambani mwao. Huko mhamiaji alilala karibu na tajiri wake, alilipwa bila karatasi nyingi, na akiwa na subira aliweza kupata kibanja, yaani kiwanja cha kulima na kukaa kwa masharti ya kumtambua mwenye ardhi. Mashariki palikuwa na Tanga, mbali zaidi kwa maili lakini karibu kwa reli baada ya njia ya kati kufika Kigoma mwaka 1914. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1940, mpango wa Waingereza wa karanga ulifungua mashamba Urambo, katika njia ileile ya Kigoma na Tabora. Mwenye nia ya kuhama moja kwa moja aliielekea Buganda kwa urahisi zaidi, na aliyetaka fedha ya kodi, mahari na nguo ili arudi kwao alikuwa na sababu nzuri ya kuifikiria Tanga, kwa kuwa mkataba ulikuwa na mwisho unaojulikana.

Mwisho huo, hata hivyo, ulikuwa na mtego. Mkataba haukuhesabiwa kwa miezi ya kalenda bali kwa vipande, na kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi ambazo kibarua alipaswa kuzitimiza ndani ya siku 42, akilipwa kadi inapojaa. Siku ambayo hakumaliza ngwe yake, yaani kipimo cha kazi alichopangiwa na mnyapara, haikuandikwa, hata kama alikuwa shambani tangu alfajiri akikata majani yenye miiba na kuyafunga mafungu ya kupelekwa korona, mtambo wa kuyasaga ili zibaki singa. Kwa hiyo aliyeandikwa kwa vipande tisa aliweza kukaa mwaka mzima kabla ya kuachiliwa, na akitoroka, sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilimhesabu mkosaji wa jinai.

Hapa ndipo busara ya wahamiaji inapoonekana wazi kuliko mahali pengine popote. Kadiri habari za mashamba zilivyosambazwa na waliorejea, ndivyo wengi walivyoanza kukwepa mkataba na kwenda kwa gharama zao, wengine kwa garimoshi na wengine kwa miguu, wakiacha usafiri na posho ya bure vilivyotolewa na wakala. Kwa macho ya haraka hilo ni jambo la ajabu, kwamba maskini akatae nauli ya bure, lakini aliyefika bila mkataba alikuwa na kitu ambacho manamba hakuwa nacho: aliweza kulitazama shamba, kuuliza unyapara wake ukoje, maji yako wapi, ngwe ni kubwa kiasi gani, na kama hakuridhika akaenda shamba la pili. Nauli ilikuwa bei ya kuchagua, na wengi waliona inafaa kulipwa. Yafaa kuongeza kwamba hadi mwaka 1963 hapakuwa na reli iliyounganisha njia ya kati na ile ya Tanga, hivyo wasiokuwa na lori la wakala walikuwa na mwendo mrefu mbele yao hata baada ya kushuka garini.

Wenye mashamba hawakuipenda hali hiyo. Vita Kuu ya Pili vilipowanyima Washirika nyuzi za Ufilipino na visiwa vya Waholanzi kuanzia 1942, mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya vita, watu wakatumikishwa kwa lazima, na mwaka 1944 chama cha wakulima wa mkonge kikaanzisha SILABU, ofisi ya pamoja ya kuandikisha vibarua, ili mashamba yaache kunyang'anyana watu na kupandishiana ujira. Kwa maneno mengine, ilikuwa ofisi ya kupunguza chaguo. Baada ya vita ilianza pia kuwahimiza wanaume waje na wake zao, jambo lililobadili hesabu yote, kwa kuwa hadi hapo gharama kubwa ya safari ilikuwa ikilipwa na wanawake waliobaki Buha, nchi ya Waha, wakilima peke yao mashamba ya watu wawili.

Waliobaki Tanga walipata makazi kwenye kambi na katika vijiji vya Korogwe na Muheza, wakizungumza Kiswahili na kuoana na majirani. Kima cha chini cha mshahara kilipowekwa mwaka 1962, wenye mashamba walipunguza watu na kuongeza ngwe, SILABU ikafungwa katikati ya muongo huohuo, na mashamba mengi yalipotaifishwa mwaka 1967, bei ya mkonge duniani ilikuwa tayari imeshushwa na nyuzi za viwandani. Uandikishaji wa Kigoma haukurejea tena.