Mizani Ndani ya Neno

Nilikuwa nikisoma riwaya ya Thackeray, Vanity Fair (1847–1848), nikakutana na kitenzi vilipend. Nikaandika pembeni "kudharau", nikaendelea zangu. Mwenzangu wa chumbani alipoona akacheka: "Kila neno la dharau la Kiingereza wewe ni kudharau tu?" Nikakosa jibu. Ikabidi nilifuate neno lenyewe lilikotoka.

Liliingia katika Kiingereza karne ya 15, kwa njia ya Kifaransa. Asili yake ni Kilatini: vilis, yaani rahisi kwa bei, na pendere, yaani kupima uzito. Warumi wa kale, kabla hawajawa na sarafu, walilipana kwa vipande vya shaba vilivyopimwa kwenye mizani. Ndiyo maana pendere ikawa pia kulipa. Hata pensheni wanayoisubiri wazee wetu imetoka kwenye mzizi huohuo! Basi neno hili linamweka mtu kwenye mizani na kumwona mali rahisi. Scott, Thackeray na Meredith walilitumia karne ya 19. Karne ya 20 likawa adimu.

Sasa turudi kwenye riwaya. Bwana Sedley, babake Amelia, anafilisika. Mzee Osborne, ambaye Sedley huyohuyo ndiye aliyemwinua kibiashara, anamkataza mwanawe George asimwoe tena Amelia, na hapo ndipo Thackeray anapokitumia kitenzi chetu. Jamani, Amelia kabadilika nini? Hakuna. Kilichoshuka ni mali ya babake, naye kashushwa bei pamoja nayo.

Ndiyo maana nasema "kudharau" hakutoshi hapa. Dharau yaweza kukaa kimya moyoni, lakini Osborne anasema, tena kwa matusi, ili mwanawe naye amwone binti wa watu si kitu. Nimependelea "kumtweza", kwa kuwa ndani yake mna kitendo cha kumshusha mtu hadhi. Tatizo ni kwamba mizani imepotea.

Lakini tusimcheke Osborne haraka. Sisi nasi tunasema tunamthamini mtu, na thamani, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni bei.

Pale pembeni nimefuta "kudharau", nikaandika "kumtweza". Mwenzangu bado anabisha. Msomaji mwenye neno lililobeba mizani na alilete.