Shinikizo la Washirika wa Masoko na Maadili ya Matangazo ya Kamari Mtandaoni

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nguvu waliyonayo washirika wa masoko wa kamari ya mtandaoni, yaani watu na tovuti zinazolipwa kwa kuipelekea kampuni wachezaji, pale wanapoungana kuitaka kampuni iache matangazo ya udanganyifu. Mifano inatoka Uingereza, soko la kimataifa, Kenya na Tanzania. Hoja kuu ni kwamba shinikizo hilo lina nguvu ya kweli na linastahili kuungwa mkono, lakini haliwezi kumlinda mchezaji maadamu mshirika mwenyewe analipwa kutokana na hasara ya mchezaji huyo.

Utangulizi

Kampuni ya kamari hutafuta wateja kwa jezi za timu, mabango ya barabarani na matangazo ya redio. Ipo njia nyingine isiyoonekana kwa urahisi, nayo ni washirika wa masoko. Hawa ni wenye tovuti zinazolinganisha kasino, wachambuzi wa soka wanaotoa mikeka kwenye Telegram, na watu mashuhuri wa mitandao ya kijamii wanaoweka kiungo au msimbo wa promosheni mbele ya wafuasi wao. Mfuasi akijisajili kupitia kiungo hicho, mfumo wa kampuni humwandika kuwa ameletwa na mshirika fulani, na mshirika hulipwa.

Tangu miaka ya mwanzo ya kamari ya mtandaoni washirika hawa wamekuwa na jumuiya zao. Wanapashana habari kuhusu kampuni inayolipa kwa wakati na ile inayokwepa, na mara nyingine huamua kwa pamoja kuitenga kampuni iliyovuka mipaka. Wapo wanaoona hapo dalili kwamba soko linaweza kujisafisha bila mkono wa dola. Ninakubali kwamba dalili hiyo ipo. Ninachopinga ni kuichukulia kuwa inatosha, kwa sababu mkataba unaompa mshirika sauti mbele ya kampuni ndio huohuo unaomfunga mdomo mbele ya mchezaji.

Chanzo cha nguvu ya washirika

Kasino mpya ya mtandaoni haina jengo wala historia mtaani. Mtu anayetafuta kasino ya kuaminika kwenye intaneti aghalabu hukutana na tovuti ya mshirika kabla hajaifikia tovuti ya kampuni. Mshirika akiishusha kampuni kutoka orodha ya zinazopendekezwa na kuiweka katika orodha ya zinazopaswa kuepukwa, wateja wapya hupungua mara moja. Uchunguzi wa mdhibiti unaweza kuchukua miezi. Kiungo huondolewa kwa dakika chache.

Nguvu ya pili ni ujuzi. Mshirika makini husoma masharti ya bonasi ambayo mchezaji wa kawaida huyaruka. Tuchukue bonasi ya shilingi 10,000 inayotangazwa kuwa ya bure, lakini yenye sharti kwamba izungushwe mara 35 kabla ya kutolewa. Mchezaji atalazimika kuweka dau la jumla ya shilingi 350,000. Ikiwa mchezo umepangwa kuibakizia kampuni asilimia 4 ya kila dau, hasara anayotarajiwa kuipata ni shilingi 14,000, yaani zaidi ya bonasi yenyewe. Mshirika anaweza kupiga hesabu hii na kuiweka mezani mbele ya meneja wa kampuni. Pia yeye ndiye wa kwanza kupokea malalamiko ya wachezaji waliocheleweshewa malipo au waliotumiwa ujumbe baada ya kuomba wasitumiwe tena.

Hata hivyo, tukiangalia ni lini washirika wamesimama kwa kauli moja, tunaona mwelekeo usiopaswa kupuuzwa. Mfano maarufu ni wa mwaka 2008, ambapo kundi la kasino la Grand Privé lilifunga mpango wake wa washirika na kuacha kuwalipa kwa wachezaji waliokwisha kuletwa, huku wachezaji hao wakibaki mikononi mwa kasino. Hasira ya washirika ilikuwa kubwa, na ilikuwa ya haki, kwa kuwa malipo yaliyoahidiwa kwa muda wote wa uhai wa mteja yalikatwa baada ya kazi kufanyika. Malalamiko mengine yaliyowaunganisha mara kwa mara ni ya kampuni kubadili masharti ya mkataba na kuyatumia kwa kazi ya nyuma. Katika kesi za namna hii mwathirika alikuwa mshirika mwenyewe. Mchezaji naye hukutana na masharti yanayobadilika na vifungu vilivyofichwa kila anapopokea bonasi, lakini ni nadra dhuluma hiyo kuamsha umoja wa kiwango hicho. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Mkataba unavyoiongoza dhamira

Tofauti hiyo haitokani na ubaya wa tabia za watu, bali na namna wanavyolipwa. Mifumo ya malipo iliyozoeleka ni miwili. Katika wa kwanza mshirika hupata kiasi maalumu kwa kila mteja mpya anayejisajili na kuweka fedha. Katika wa pili hupata mgawo wa mapato, yaani asilimia ya kile ambacho kampuni imebaki nacho kutoka kwa wachezaji aliowaleta. Kampuni hubaki na kile ambacho mchezaji amepoteza, kwa hiyo mgawo wa mapato ni mgawo wa hasara ya mchezaji.

Tuwaze mshirika mwenye mgawo wa asilimia 30. Ameleta wachezaji 100, na kila mmoja amepoteza shilingi 20,000 kwa mwezi. Mgawo wake ni shilingi 600,000. Sasa aongezeke mchezaji mmoja tu aliyepoteza udhibiti, ambaye kwa mwezi huo amepoteza shilingi 3,000,000. Huyo peke yake anamwingizia mshirika shilingi 900,000, zaidi ya wale 100 kwa pamoja. Mtu anayehitaji kusaidiwa aache ndiye anayelipa zaidi akiendelea, na mshindi ni mzigo, kwa kuwa ushindi wake hupunguza hesabu ya mshirika na unaweza kuiacha ikiwa chini ya sifuri. Mchambuzi anayetoa mikeka kwa wafuasi wake huku akila mgawo wa hasara zao yumo katika mgongano wa masilahi ulio dhahiri, na kwa kawaida wafuasi hao hawaambiwi.

Fundisho la Uingereza

Mwaka 2017 Uingereza iliona udhaifu huu kwa uwazi. Mwezi Mei Tume ya Kamari iliitoza kampuni ya BGO faini ya pauni 300,000 kwa matangazo ya kupotosha katika tovuti yake na katika tovuti za washirika wake. Septemba mwaka huohuo Mamlaka ya Viwango vya Matangazo ilitoa uamuzi kuhusu tangazo la mshirika lililovaa sura ya habari ya gazeti. Lilisimulia habari za mwanamume mwenye madeni na mke anayeugua saratani, ambaye eti alitoka katika dhiki kwa kucheza kasino ya mtandaoni. Kampuni zilizotangazwa, zikiwemo Ladbrokes, 888, Sky Vegas na Casumo, zilibebeshwa lawama ingawa tangazo lilikuwa limetengenezwa na mshirika. Mantiki ya uamuzi huo ni sahihi: anayenufaika na tangazo hawezi kujitenga nalo kwa kuwa ameajiri mkono wa mtu mwingine kuliandika.

Soko nalo lilikuwa likibadilika. Mwezi huohuo Sky Betting and Gaming ilifunga mpango wake wa washirika nchini humo. Mwaka 2018 Tume ilikaza masharti ya leseni, ikaweka wazi kwamba ukiukaji wa kanuni za matangazo, hata ukifanywa na mshirika, unaweza kumletea mwenye leseni adhabu. Mwaka 2019 kampuni tatu kubwa za washirika, yaani Better Collective, Oddschecker na Racing Post, ziliunda chombo cha pamoja cha washirika wawajibikaji, ambacho wanachama wake hukaguliwa kila mwaka.

Mpangilio huu wa matukio una maana. Chombo cha maadili kilizaliwa baada ya faini, baada ya kufungwa kwa mpango mkubwa, na baada ya masharti ya leseni kukazwa. Simaanishi kwamba waanzilishi wake hawakuwa na nia njema. Namaanisha kwamba nia njema ilipata nafasi pale sheria ilipoufanya udanganyifu uwe wa gharama.

Hoja pingamizi

Wapo watakaosema kwamba kumtaka mshirika auache mgawo wa mapato ni kumtaka akate riziki yake. Hoja hii ingekuwa na uzito kama kusingekuwa na malipo ya namna nyingine. Yapo: ada maalumu ya tangazo, kama gazeti linavyolipwa, inamlipa mshirika kwa kazi yake bila kumfanya mbia wa hasara za watu. Malipo kwa kila mteja mpya nayo yana kasoro, kwa kuwa yanamhimiza mshirika asajili watu wengi bila kuchagua. Lakini hayamlipi kila mwezi kwa kuendelea kuumia kwa mtu yuleyule.

Wengine watasema kwamba kampuni yenye leseni ikibanwa, wachezaji watakimbilia kampuni zisizo na leseni. Hatari hiyo ni ya kweli. Uingereza ilipoanzisha GAMSTOP, mfumo unaomwezesha mtu kujifungia nje ya kamari ya mtandaoni, baadhi ya washirika walianza kutangaza kasino zilizo nje ya mfumo huo kana kwamba kuwa nje ni sifa. Tunapaswa kuona ni nani aliyeifungua njia hiyo. Ni mshirika anayelipwa kwa hasara, na jibu lake ni kumdhibiti yeye moja kwa moja, kwa usajili na adhabu, badala ya kuilegezea kamba kampuni.

Afrika Mashariki

Kwetu jambo hili lina uharaka wa pekee, kwa sababu simu ya mkononi ni duka la kubeti na pochi ya fedha kwa wakati mmoja. Tarehe 29 Aprili 2025 Bodi ya Kudhibiti Kamari ya Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Agosti mwaka huo Sheria mpya ya Udhibiti wa Kamari ilitiwa saini, ikichukua nafasi ya ile ya 1966. Nchini Tanzania Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inasimamia sekta hii chini ya sheria ya mwaka 2003, iliyotungwa wakati mikeka ya kwenye simu ilikuwa haijulikani.

Usitishaji wa siku 30 unaweza kuondoa bango barabarani. Mkataba kati ya kampuni na kijana mwenye wafuasi wengi hauonekani barabarani, na wafuasi wake hawajui kama ushauri wanaopewa umelipiwa kwa hasara yao. Mdhibiti anayetaka kumlinda mchezaji hana budi kuanzia kwenye mkataba huo.

Hitimisho

Shinikizo la washirika dhidi ya kampuni inayodanganya ni tendo jema, na jamii ina sababu ya kuliheshimu. Lakini mwenye kudai maadili kwa kampuni anapaswa kuyadai pia katika mkataba wake mwenyewe. Kwa hiyo napendekeza mambo matatu: mgawo wa mapato yatokanayo na hasara za wachezaji upigwe marufuku, kila mshirika asajiliwe na atangaze wazi namna anavyolipwa, na kampuni iwajibike kisheria kwa kila tangazo linaloiletea mteja. Washirika wanaosema wanasimama upande wa mchezaji wanaweza kuanza na hilo la kwanza hata kabla sheria haijawalazimisha. Wakifanya hivyo, kampuni haitakuwa na njia rahisi ya kuyapuuza madai yao, kwa kuwa wanaodai hawatakuwa tena na fungu katika kile wanachokipinga.