Sanduku la Bati

Sanduku la bibi yangu linakaa chini ya kitanda chake, Kambarage, Shinyanga mjini. Ni la bati, rangi ya kijani, na kufuli lake lilishakufa. Ndani kuna vitenge viwili anavyosema atazikwa navyo, kadi ya chama, na barua alizoandikiwa na babu alipokuwa kibarua Mwadui, kwenye mgodi wa almasi aliougundua Mkanada John Williamson mwaka 1940. Mwadui si mbali, lakini babu alikuwa akija nyumbani mara moja kwa mwezi, kwa hiyo aliandika. Kila barua ina sahihi yake chini, yenye mkia mrefu kama ya meneja wa benki.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia. Likizo iliyopita nilifika kwa bibi na simu iliyojaa chaji na hotuba niliyoiandaa kwenye basi: nipige picha barua zote, kisha nimshawishi tuzipeleke kwenye maktaba ya chuo kikuu. Hotuba ilikuwa na mfano mmoja tu, na mfano huo ndio ulioniponza.

Mfano wenyewe ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Mwaka 1945 alimaliza mswada wa riwaya ndefu aliyoiandika kwa Kikerewe, habari za Myombekere na mkewe Bugonoka, mtu na mkewe wasio na mtoto, na maneno ya ndugu yanayofuata hali hiyo. Nani angechapa riwaya ya Kikerewe? Mswada ukakaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika kisiwani Wamarekani wawili, Gerald Hartwig, mwanahistoria, na mkewe Charlotte. Hawakuja kukusanya sahihi za waandishi. Gerald alikuwa akitafiti historia ya Wakerewe. Lakini waliona thamani ya karatasi zile, wakamhimiza mzee azitafsiri kwa Kiswahili. Akiwa amepita miaka 70, viungo vikimuuma, akakaa na kukiandika kitabu chake upya kwa lugha nyingine. Nikikumbuka hilo naona aibu kulalamika kuhusu tasnifu yangu. Tanzania Publishing House wakakitoa mwaka 1980, zaidi ya kurasa 600. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla hajakishika mkononi.

Mwaka huohuo wa 1980, huko Boston, Maktaba ya Kennedy ilizindua chumba maalumu cha karatasi za Ernest Hemingway. Huyu aliwinda Tanganyika miaka ya 1933 na 1934, akarudi Afrika Mashariki mwaka 1953. Kitabu alichokianza kuhusu safari hiyo ya pili hakukimaliza, lakini hakuna aliyekitupa. Mwanawe Patrick, aliyeishi Tanganyika miaka mingi, alikihariri na kikatoka mwaka 1999, miaka 38 baada ya baba yake kufa. Kwao, barua ya mwandishi mkubwa hupigwa mnada hata kama anaomba radhi tu kwa kuchelewa chakula cha jioni. Iliyochapwa kwa mashine na kutiwa sahihi ina bei yake. Iliyoandikwa yote kwa mkono hupanda zaidi. Sisemi kwa kijicho. (Sawa, kidogo.) Tamaa hiyo ya matajiri ndiyo imeokoa karatasi nyingi, na Kitereza angeihitaji miaka 20 mapema.

Haya yote nilimweleza bibi, kwa ufupi, akichambua mchele.

“Mume wangu,” akasema, maana ndivyo anavyoniita, “huyo mzee wa Ukerewe aliandika ili watu wasome?”

“Ndiyo, bibi.”

“Babu yako aliniandikia mimi.”

Sikuwa na jibu. Darasani tunaita vyote nyaraka: mswada uliotafuta msomaji miaka 35, na barua iliyompata wake ndani ya siku tatu. Mnadani pia huuzwa meza moja.

Halafu akanishangaza. Akasema yeye kusoma hakujaliwa, barua zote alisomewa na binti wa mwalimu jirani, ambaye alikuwa akicheka peke yake mahali fulani na kukataa kusema kwa nini. Binti huyo alihama zamani. Kwa hiyo kuna mambo humo sandukuni bibi hajawahi kuyasikia hata mara moja, na mengine hajayasikia kwa miaka 50.

“Zima hiyo simu,” akasema. “Usome kwa sauti.”

Nikalivuta sanduku. Barua ya juu ilianza na salamu za ukurasa mzima, kisha bei ya mabati, kisha ng’ombe aliyekuwa anakohoa. Bibi alitikisa kichwa kila jina lilipotajwa, kama anayeita mahudhurio. Nilipogeuza karatasi mwandiko ukawa mdogo zaidi, nikasoma sentensi mbili.

“Hapo ruka,” akasema.

Nikaruka.