Misiani pia alikuwa mshairi

Ukiuliza ni waandishi gani walisumbua serikali Kenya, utatajiwa Ngũgĩ, aliyewekwa kizuizini mwisho wa 1977, na Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi? Sawa kabisa. Lakini sisi wa huku Kisian na Kisumu tuongeze mtu wa gitaa: D.O. Misiani wa Shirati Jazz.

Alizaliwa Shirati, Tanzania, akavuma Kenya kwa benga ya Dholuo. Wakubwa aliwasema kwa hadithi za wanyama na za Biblia. Watu walielewa. Serikali nayo ilielewa, ndiyo maana alikamatwa zaidi ya mara moja. Alifariki 2006 kwenye ajali ya barabarani Kisumu.

Wengine husema fumbo ni woga. Mimi nakataa. Mwoga hunyamaza.

Shida sasa ni sisi. Benga tunaicheza harusini, lakini Dholuo yetu haifiki kwenye fumbo. Wimbo usioeleweka hata hauhitaji kupigwa marufuku, umejifia tu. Basi wasee, mwekee babu Misiani leo jioni, halafu umuulize: huyu mnyama alikuwa nani?